Virutubishi vya unga visiwapite wakuzaji mahindi

Bei ya unga ni siasa katika nchi hii. Pakiti ya kilo mbili ikipanda kwa shilingi kumi, wabunge hupaza sauti, watetezi wa wanunuzi hutoa taarifa, na serikali iliyo madarakani huanza kuhesabu siku zake. Lakini ni nadra mno kumsikia mtu akiuliza kilichomo ndani ya pakiti yenyewe. Hilo ni jambo la kushangaza, kwa sababu tangu Juni 2012, kupitia Tangazo la Kisheria nambari 62, kila msagaji anayefunga unga wa mahindi au wa ngano kwenye pakiti na kuuza humu nchini amewajibishwa kuutia vitamini na madini: vitamini A, kundi la vitamini B, asidi ya foliki, madini ya chuma na zinki. Mafuta ya kupikia nayo yanatakiwa kutiwa vitamini A.

Mimi ni mwanaisimu. Si daktari wala si mchumi, na msomaji ana haki ya kuniuliza nimefuata nini katika uwanja wa wenyewe. Nimefuata hesabu, ambazo zimechapishwa na zinaweza kusomwa na yeyote, na ambazo kadiri ninavyozisoma nikiwa hapa Eldoret ndivyo ninavyozidi kuona kwamba kuna mtu aliyesahauliwa.

Tuanze na gharama, maana ndizo huwatisha wengi. Mchanganyiko wa vitamini na madini huagizwa kutoka ng'ambo na hulipiwa kwa dola. Tuseme tani moja ya unga wa mahindi yahitaji mchanganyiko wa dola 6. Tani moja ni pakiti 500 za kilo mbili. Kwa hiyo kila pakiti imebeba senti 1.2 za dola, ambazo kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola ni takriban shilingi moja na nusu ya Kenya. Mwenye kiwanda atasema nimesahau mashine ya kupimia, mishahara na ada za maabara. Haya, na tuzidishe mara mbili: shilingi tatu.

Sasa tulinganishe. Mnamo Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali iliagiza pakiti ya unga iuzwe kwa shilingi 100 baada ya bei kupita shilingi 200, nayo ikaahidi kuwafidia wasagaji tofauti hiyo. Mpango huo ulikufa mwaka huo huo. Ruzuku ya pakiti moja tu ingetosha kununua virutubishi vya pakiti zaidi ya 60. Sisemi kwamba mwenye njaa apewe vitamini badala ya ugali. Nasema tu kwamba tunapolia kuhusu gharama, ni vyema tujue tunalilia nini.

Faida nayo je? Wachumi Sue Horton na Jay Ross walichapisha mwaka 2003 hesabu ya hasara inayotokana na upungufu wa madini ya chuma katika nchi kumi zinazoendelea. Hoja yao si ngumu kufahamu. Chuma ndicho kinachoiwezesha damu kubeba hewa safi mwilini. Kikipungua, misuli huchoka upesi na akili ya mtoto huzubaa. Walikadiria kwamba mtu mwenye upungufu wa damu hupoteza asilimia 17 ya uwezo wake katika kazi nzito ya mikono, na asilimia 5 katika kazi nyepesi ya mikono. Walipojumlisha hasara hiyo ya misuli, ilizidi nusu ya asilimia moja ya pato la taifa katika nchi ya kati kwenye orodha yao. Walipoongeza hasara ya akili, ikafika asilimia 4. Kisha wakapima faida ya kutia chuma katika chakula: shilingi moja hurudisha shilingi 6 kwa upande wa misuli, na 36 ukiitia akili hesabuni.

Hiyo 36 inanitia shaka, na sifichi. Inamchukua mtoto wa leo, inamkadiria alama atakazopata shuleni, inazigeuza alama ziwe mshahara, halafu inaurudisha mshahara huo nyuma miaka ishirini. Hesabu ya namna hiyo hudhani kwamba kazi ipo inamngoja. Anayefundisha katika chuo kikuu humu nchini, na kuwaona vijana wenye shahada wakizunguka mjini na bahasha za vyeti kwapani, hawezi kuimeza dhana hiyo bila maji. Mimi naikubali ile 6. Sita inatosha kabisa. Mfanyabiashara gani Eldoret asiyetamani biashara inayorudisha sita kwa moja?

Tena kuna ushahidi wa hapa kwetu, usiohitaji kudhaniwa. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Pauline Andang'o na wenzake uliofanywa Marafa, kule upande wa Malindi. Watoto 516 wa umri wa miaka 3 hadi 8 walilishwa uji wa mahindi yasiyokobolewa. Baadhi yao walipewa uji usiotiwa chuma, wengine uji wenye chuma cha bei nafuu cha ungaunga kinachotengenezwa kwa nguvu za umeme, na wengine uji wenye chuma kilichofungamanishwa na kemikali iitwayo EDTA. Chuma cha EDTA kikitiwa kwa kipimo cha juu kilipunguza upungufu wa damu utokanao na ukosefu wa chuma kwa asilimia 89, na kwa kipimo cha chini kwa asilimia 48. Kile cha bei nafuu hakikufanya lolote. Sababu ni kwamba ganda na kiini cha mahindi vina kemikali inayoshika chuma na kukizuia kisiingie mwilini, na chuma cha kawaida hakiwezi kujinasua. Anayetaka kupunguza gharama kwa kununua chuma duni hapunguzi gharama; ameitupa shilingi yote.

Kwa kuwa nimetaja watoto na chuma, uadilifu unanilazimisha kutaja Pemba pia. Matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa kisiwani humo yalichapishwa mwaka 2006, nayo yalionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki katika eneo lenye malaria nyingi walizidi wenzao kwa asilimia 12 katika kulazwa hospitalini au kufariki. Tangu hapo ushauri wa kimataifa kuhusu vidonge katika maeneo ya malaria ulibadilishwa. Lakini kidonge ni dozi nzito inayoingia tumboni kwa mara moja, ilhali chuma cha unga huingia kidogo kidogo pamoja na chakula. Wanaopinga mpango wa unga kwa kutumia mfano wa Pemba wanachanganya mambo mawili, ingawa wana haki ya kudai kwamba vipimo vichungwe.

Kuhusu asidi ya foliki sina haja ya kurefusha maneno, ila hoja yake ndiyo yenye uzito kuliko zote kwangu. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo wa mimba, wakati ambapo mama wengi hata hawajajua kwamba ni wajawazito. Asidi ya foliki ikipungua katika siku hizo, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa kikafuata. Mama anapofika kliniki na kupewa vidonge, siku hizo zimekwisha pita. Ndiyo maana dawa yake haina budi kuwa ndani ya chakula cha kila siku. Afrika Kusini ilipoanza kulazimisha asidi hiyo katika unga wa ngano na wa mahindi mwaka 2003, kasoro hizo zilipungua kwa takriban asilimia 30. Kila mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto wa namna hiyo Kijabe kufanyiwa upasuaji anajua nauli, vitanda, siku za kazi zilizopotea na shamba lililouzwa. Ziweke gharama hizo kando ya shilingi moja na nusu.

Basi, ikiwa faida ni kubwa hivyo na gharama ni ndogo hivyo, kwa nini uchunguzi wa kitaifa wa virutubishi wa mwaka 2011 uliwakuta takriban wajawazito wanne kati ya kumi wakiwa na upungufu wa damu, na kwa nini hatuna hakika kwamba hali imebadilika vijijini tangu hapo? Ili kujibu hilo, hebu tuitazame chumvi.

Chumvi ya Kenya ilianza kulazimishwa kutiwa ayodini mwaka 1978. Nyanda za juu, tulimo sisi, zina udongo ambao ayodini yake imeoshwa na mvua za karne nyingi, na rovu lilikuwa jambo la kawaida shingoni mwa watu. Leo kijana wa chuo kikuu akilisikia neno rovu hulazimika kufungua kamusi. Yapo mafanikio machache ya serikali yaliyokamilika kiasi cha kuliua neno! Siri yake ni kwamba chumvi yetu nyingi hutoka katika viwanda vichache vya pwani, kuanzia Gongoni hadi Marereni. Ukisimamia milango hiyo michache, umeisimamia nchi nzima. Hakuna mkulima wa Moiben anayejitengenezea chumvi nyumbani.

Mahindi ni kinyume chake. Uasin Gishu, pamoja na jirani yake Trans Nzoia, ndilo ghala la taifa. Magunia hutoka hapa kwenda viwandani, yakakobolewa, yakasagwa, yakatiwa virutubishi na kurudi madukani yakiwa katika pakiti zenye rangi. Lakini mkulima mwenyewe hanunui pakiti hiyo kwa kawaida. Hupima gorogoro zake kutoka ghalani, akajaza debe, akampa mtoto apeleke kwenye kinu cha posho pale senta. Anayesaga hupokea ada yake, mtoto hurudi na unga ambao haujaongezwa chochote. Sheria ya 2012 inazungumzia unga uliofungwa kwenye pakiti. Debe la mkulima halijafungwa, kwa hiyo sheria inalipita kando. Aliyeyakuza mahindi yanayomrutubisha mtu wa Nairobi hubaki nje ya hesabu ile ya sita kwa moja.

Atatokea msomaji aseme kwamba unga wa posho haukobolewi, kwa hiyo una virutubishi vyake vya asili. Amesema kweli, kwa sehemu. Kwa hakika kuna kichekesho katika mpango mzima: kiwanda hutoa ganda na kiini cha mahindi, huviuza kuwa chakula cha ng'ombe wa maziwa, kisha sheria humwamuru mwenye kiwanda arudishe kwa unga sehemu ya kile alichomlisha ng'ombe. Lakini ganda lile lile linalobaki katika unga wa posho ndilo linaloshika chuma na kukizuia, kama watoto wa Marafa walivyotuonyesha. Na vitamini A haimo katika mahindi meupe, yakobolewe yasikobolewe.

Walimu wanaosoma safu hii watakuwa wamekwisha fikiria shule zao. Ni desturi katika sehemu hizi kwa mzazi kulipa karo kwa magunia ya mahindi, na ni desturi nzuri kwa mzazi asiye na fedha taslimu. Lakini mahindi hayo huliwa shuleni yakiwa githeri, ambayo haipiti mashine yoyote, au hupelekwa kwenye kinu cha posho kilicho karibu. Hivyo msichana wa shule ya bweni, aliye katika umri ambao mwili wake unahitaji chuma zaidi kuliko wakati wote uliotangulia, huweza kumaliza miaka minne bila kuonja unga ambao taifa lilimtungia sheria. Juu ya hayo, huteremsha chakula chake kwa chai, nayo chai hupunguza chuma kinachoingia mwilini. Kusogeza chai mbali na mlo hakugharimu senti. Mwalimu wa zamu anaweza kulitekeleza hilo kesho.

Naomba nirudi kidogo kwenye taaluma yangu. Pakiti iliyokidhi masharti huwekwa nembo yenye maneno Kuboresha Afya. Ni nini hicho? Ni kitenzi-jina kisicho na mtenda wala mtendwa. Nani ameboresha, ya nani, kwa kutia nini? Niliwauliza wanafunzi wangu wa semantiki maana ya nembo hiyo, nao wengi wakadhani ni kaulimbiu ya biashara, kama zile za sabuni. Neno la kitaalamu, urutubishaji, lina taabu nyingine. Limetokana na rutuba, na katika eneo la wakulima rutuba ni mambo ya udongo na mbolea. Mwambie mama wa Turbo kwamba unga wake umerutubishwa, na huenda akauliza kama ni kwa mbolea ya kupandia au ya kukuzia. Si ajabu kwamba watu huuogopa unga huo, hasa baada ya Novemba 2019, ambapo Shirika la Viwango nchini lilisimamisha aina tano za unga kwa sababu ya sumu ya kuvu.

Hilo la lugha lina upande wake wa kiuchumi. Mnunuzi hawezi kuona, kunusa wala kuonja chuma kilichomo katika unga. Asichokiona hatakilipia, na msagaji asiyelipwa ana kishawishi cha kupunguza kipimo. Gharama inamwangukia mtu mmoja leo, faida inatawanyika kwa watu milioni baada ya miaka. Soko peke yake haliwezi kuliponya hilo. Ndipo serikali inapohitajika, na kwa kuwa afya ilikabidhiwa kaunti tangu 2013, serikali inayohusika zaidi iko hapa hapa, si Nairobi.

Je, kinu cha posho chaweza kutia virutubishi? Chaweza. Nchini Tanzania shirika la Sanku limeviwekea vinu vidogo kifaa kinachopima mchanganyiko na kuudondosha katika unga unaposagwa. Ujanja wao wa fedha ndio ulionivutia: hununua mifuko ya kufungia unga kwa wingi na kwa bei nafuu, humuuzia msagaji kwa bei ya kawaida ya soko, na tofauti hiyo ndiyo inayolipia virutubishi. Baadaye waliingia Kenya pia. Lakini mpango huo unamfaa msagaji anayeuza unga wake kwenye mifuko. Kinu kinachosaga debe la mteja kwa ada hakina mfuko wa kuuza. Hapo sioni njia ila fedha za umma.

Nimejaribu kuzihesabu. Mtu anayetegemea ugali tuseme hula gunia la kilo 90 kwa mwaka, sawa na pakiti 45. Kwa shilingi moja na nusu kwa pakiti, virutubishi vyake ni chini ya shilingi 70 kwa mwaka. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 1,163,186 katika Uasin Gishu. Tuchukulie nusu yao hula unga wa posho: tunapata takriban shilingi milioni 40 kwa mwaka. Tuongeze kiasi kama hicho kwa vifaa, mafunzo na wakaguzi, inakuwa milioni 80. Katika kaunti ambayo bajeti yake huhesabiwa kwa mabilioni, na ambayo makao yake makuu yalipewa hadhi ya jiji mwaka 2024, fedha hizo si za kuliwazia kwa hofu. Anayeziona ni nyingi aanze na vinu vinavyosagia shule za bweni, vichache kwanza, Ziwa au Burnt Forest, na wauguzi wapime damu za wanafunzi kabla na baada.

Najua watakaosema kwamba dawa halisi ni kula vizuri: managu, sucha, kunde, maini, mayai, maharagwe. Sina ubishi nao. Ila ushauri huo tumeutoa tangu nikiwa darasa la tatu, na mayai yangali yanapelekwa sokoni ili yalipie daftari.

Lipo sharti moja ambalo bila hilo singeiunga mkono hata shilingi moja ya mpango huu, nalo ni matokeo ya vipimo kutangazwa. Unga wa viwandani na wa vinu upimwe kila baada ya miezi kadhaa, na majina ya waliotia na wasiotia yabandikwe hadharani, kwa Kiswahili kinachoeleweka: unga huu una chuma na vitamini, unga huu hauna. Sheria yenyewe ya usimamizi wa fedha za umma inaitaka kaunti iwe imewasilisha makadirio yake ya bajeti bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo huhudhuriwa na watu wachache, wengi wao wakidai barabara. Walimu wa hesabu na wa sayansi wanaweza kuifanyia kazi hesabu hii pamoja na wanafunzi wao, wairekebishe panapohitajika, na kuipeleka huko kwa maandishi. Yangu itakuwa mezani kwa karani wa bunge la kaunti kabla ya mwezi huo.